Kiti cha juu ya mti cha kuwindia elki: nimekikalia msimu mzima, haya ndo niliyoyaona

Sisi tuliokulia Ifakara dungu tunalijua vizuri, unapandishwa juu asubuhi na kopo lako unaamia ndege wasimalize mpunga wa bibi, kwa hiyo nilivyofika Montana, huku Marekani, nikaona watu wazima wananunua kiti cha kwenda kukaa juu ya mti nilicheka sana. Sasa cheka na wewe, maana mwaka jana nimetoa dola 189 nikanunua changu.

Kwa asiyemjua elki, dume lake linapita kilo 300 bila shida, yaani muweke katikati ya tandala mkubwa na pofu, na pembe zake hudondoka kila mwaka zikaota upya. Mimi nawinda na upinde, na hapa msimu wa upinde unaanza Jumamosi ya kwanza ya Septemba mpaka katikati ya Oktoba, ambao ndo wakati madume wanatafuta majike na wanalia ule mlio wao kama filimbi iliyopasuka. Kozi ya upinde nilishafanya, leseni ninayo, kilichobaki kilikuwa mahali pa kukaa.

Kiti chenyewe ni cha chuma, kilo 9, kinafungwa kwenye mti na mikanda miwili ya kubana, pamoja na vijiti vinne vya kupandia ambavyo navyo vina kilo zake 5. Dukani unakibeba kwa mkono mmoja unaona mwepesi tu. Sasa kipandishe mlimani kilomita tatu gizani, na upinde, na maji, na spray ya kufukuzia dubu kiunoni, halafu uje unieleze wepesi wake. Kimeandikwa kinabeba paundi 300, kama kilo 136 hivi, mimi na nguo zote za baridi sifiki huko na kweli hakikuwahi kuyumba. Kwenye hilo siwalaumu. Na mikanda ni lazima, maana msitu wa serikali huruhusiwi kupigilia misumari kwenye mti.

Shida ni kelele. Nyumbani nilikifunga kwenye mti wa uani, nikakaa, nikarukaruka, kimya kabisa nikasema hapa nimepata. Asubuhi ya tatu porini, barafu imeganda mpaka kwenye kamba ya upinde, dume likatokea kama mita 30, linakuja taratibu linavunja vijiti, moyo unanidunda nasikia masikioni, nikahamisha uzito kutoka mguu wa kushoto kwenda wa kulia ili nigeuke na kiti kikatoa kwiiiii. Hata halikukimbia. Liligeuka tu, likanionyesha yale matako yake meupemeupe, likaondoka zake. Nilitamani nikitupe kile kiti chini kiende kulifuata. Jumapili nikakifungua chote, kila penye bolti nikaweka washa za plastiki, pa kukanyagia nikabandika kipande cha kapeti la zamani, kazi ya saa moja na dola 4, kelele ikaisha. Swali langu ni moja tu, dola 4 hizo kiwandani ziliwashinda?

Halafu hanesi, ile mikanda ya kuvaa mwilini ukajifunga kwenye mti usianguke. Hii naomba msome vizuri. Ile inayokuja bure ndani ya boksi ni mikanda mitupu, ukiitoa kwenye begi gizani imesokotana kama uzi wa cherehani hujui pa mguu wapi pa mkono wapi, na mtu akishachoka kuisokotoa anasema leo napanda hivyo hivyo, hapo ndo watu wanaanguka. Nikanunua nyingine ya fulana, unavaa kama jaketi, pamoja na kamba ya kushuka mpaka chini yenye fundo linaloteleza, unajifunga ukiwa bado ardhini unapanda nalo. Wiki ya pili nilikanyaga kijiti cha juu kabisa, kina umande ulioganda, buti likateleza nikaning'inia. Nilishuka labda nusu mita basi, fundo likashika. Ni mita 5 zile, chini mawe. Hakikisha na yako ina kamba ya kukanyagia, maana ukining'inia muda mrefu mikanda inabana mapaja damu hairudi vizuri, na hilo peke yake linaweza kukuua hata kama hukuanguka. Mke wangu sijamwambia mpaka leo, na Kiswahili anasoma, kwa hiyo mama watoto kama umefika hapa, pole.

Kingine ambacho siyo kosa la kiti: usikifunge popote tu. Elki anatembea sana, leo bonde hili kesho lile, ukikaa juu ya mti porini katikati utahesabu majani. Mimi nilikihamishia kwenye dimbwi la matope ambalo madume wanakuja kugaagaa, mti uko mita 20 hivi. Na upepo wa mlimani una tabia yake, asubuhi hewa ya baridi inashuka, jua likishika inapanda, jioni inaanza kushuka tena. Mimi nilikuwa upande wa chini ya dimbwi, mchana hewa inayopanda ingewapelekea harufu yangu, kwa hiyo nikaacha kabisa kukaa mchana, nikawa naingia saa kumi jioni hewa inapokaribia kugeuka. Pua ya elki haidanganywi na kukaa juu.

Jioni ya mwisho wa Septemba likaja dume, pembe zenye ncha tano kila upande, likaingia kwenye matope likaanza kujipaka. Nikasimama. Kimya. Nikavuta, kimya. Mshale mmoja. Nikasubiri nusu saa juu huku natetemeka ndo nikashuka, nikalikuta hatua mia na kitu. Nikawapigia jamaa wawili Wakongo wa hapa mjini, tukalikata mapande tukabeba mgongoni mpaka saa saba usiku, kila paja la nyuma ni mzigo wa mtu mzima. Nyama haina shombo kabisa, pilau lake usiseme. Jirani yangu wa Mombasa kabla ya kuonja aliniuliza kama nilisema bismillahi wakati naachia mshale, nikamwambia nilisema vitu vingi sana.

Nyota 3 na nusu. Kama bajeti ni ndogo kinunue, ila ongeza hela ya hanesi ya maana na hizo washa. Kama una uwezo tafuta cha alumini, mgongo utakushukuru. Msimu ukiisha kishushe, usikiache nje, jua na barafu vinakula mikanda, mmoja wa kwangu umeshaanza kuchanika pembeni. Nimewaandikia wauzaji mara mbili niuziwe mikanda peke yake, mpaka leo kimya, yaani kimya ambacho ningekihitaji ile asubuhi ya tatu.