Viatu vya mitumba kwa mbio za barabarani: uzoefu wangu juu ya mawe ya Goma

Tunapopita mitaani hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kuwaita watu waje kukimbia nasi kilomita 10, jibu tunalolisikia kuliko yote si "sina pumzi" wala "sina muda." Ni "sina viatu." Motari (dereva wa pikipiki) wa rondpoint, yaani mzunguko wa barabara, wa Signers anasema hivyo, mwalimu wa Katindo anasema hivyo, na mama anayeuza makala Majengo anatuonyesha miguu yake na kucheka. Kwa hiyo naandika kuhusu viatu ninavyokimbilia mimi: vya mitumba, vilivyonunuliwa sokoni Birere, karibu na mpaka wa Rwanda, kwa dola 15 baada ya muuzaji kuanzia 25. Jina la kampuni nimelificha makusudi. Vilishavaliwa na mtu mwingine kabla havijafika kwangu, na si haki kumsifu wala kumlaumu mtengenezaji kwa kitu kilichokwisha kupita miguu ya watu.

Wenye haraka wachukue hili: nimeridhika navyo, na nikipata vingine vya aina hiyo nitanunua. Ila sababu zangu si zile alizonipa muuzaji.

Yeye alitaka nichukue pea nyingine kabisa. "Mkubwa, bonyeza hapa usikie," aliniambia, akininyooshea viatu vyeupe vyenye soli nene kama godoro. Nilibonyeza, na kweli vilikuwa laini. Pale sokoni kiatu cha kukimbia kinapimwa kwa ulaini, na bei hupanda kwa ulaini huo huo. Lakini kigeuze utazame chini. Viatu vingi vya siku hizi vimepunguzwa uzito kwa kupunguza mpira wa nje: kipande kisigino, kipande mbele, na katikati sponji imeachwa wazi. Anayekimbia kwenye lami safi hatasumbuka. Sisi hapa tunakimbia juu ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ile ya Mei 2021 ikaishia upande wa Buhene, na mawe yake tumeyajengea kuta, tumeyaponda, tumeyamwaga kwenye barabara za mitaa. Jiwe la lava lina matundu mengi na kingo zake hukata.

Mwenzetu mmoja wa kikundi alichukua viatu vya namna ile, vyekundu, vizuri sana kwa picha. Baada ya futingi (mbio za mazoezi) za Himbi na Kyeshero akavigeuza, tukaona kokoto nyeusi zimejichimbia ndani ya sponji, nyingine hazionekani mpaka upapase kwa kidole. Tulizichomoa kwa msumari, na kila moja ilitoka na kipande chake cha sponji. Bado anavivaa, lakini anaendea navyo kazini.

Vyangu ni vya kijivu, rangi isiyomwita mtu. Chini vina mpira mgumu mweusi toka kisigino hadi vidole, ule wenye kaboni ambao watengenezaji huuweka pale kiatu kinaposuguliwa zaidi. Ni vizito kidogo, na kwenye lami ya Kanyamuhanga vinapiga kelele kiasi kwamba walio mbele wanajua nakuja. Siku za mbio ndefu, tunapoishika barabara ya Sake mpaka Mugunga na kurudi, nyayo huchoka kabla ya mapafu. Huo ndio upungufu wao mkubwa: anayetaka kiatu cha kumbembeleza hatakipata hapa. Lakini mpira wa chini umekwaruzwa juu juu tu, na yale maumivu ya kisigino niliyokuwa nayo nilipokuwa nakimbia na raba za kitambaa hayajarudi.

Sasa namna ya kuchagua, maana hapa ndipo dola 15 zinapopona au kupotea. Mimi huanza kwa kuchomoa kile kitambaa cha ndani kinachokanyagwa. Muuzaji hapendi, atakuambia kimegandishwa, wewe chomoa. Pale utauona mguu wa mwenye kiatu wa kwanza: kisigino, dole gumba, wakati mwingine vidole vyote vitano. Alama zikiwa nyeusi na zimezama, mtu yule alikimbia sana, na sponji anayokuachia imeshalala. Kwa kawaida kiatu cha kukimbia hutegemewa kwa kilomita 500 hadi 800 hivi. Baada ya hapo vile vibofu vya hewa vilivyomo ndani ya sponji vimebonyea na havirudi tena, hata kama juu kiatu kinang'aa. Na kung'aa kutang'aa, maana wale vijana wanajua kuosha! Brashi, sabuni, kamba mpya, basi. Usitazame juu. Tazama ubavuni mwa soli: mikunjo myembamba iliyolala sambamba ni dalili ya sponji iliyochoka, na hakuna sabuni inayoiondoa.

Kisha viweke vyote viwili juu ya ubao, uiname uvitazame kwa nyuma. Vikiegemea ndani au nje, mwenyewe wa zamani alikuwa anakanyaga upande, na wewe utalazimishwa kumfuata. Hakikisha pia umevaa vyote viwili, usiridhike na kimoja. Balo, yaani furushi la mitumba, likifunguliwa viatu hutawanyika, na nimeshakutana na pea ambayo cha kushoto ni 42 na cha kulia 42 na nusu, vimefungwa pamoja kwa kamba na hakuna aliyesema kitu. Kurudisha hakuna. Ukishalipa na kuondoka, muuzaji yule yule aliyekuita mkubwa atakuuliza kama una uhakika ulinunua kwake.

Kwenye ulimi wa kiatu kuna kikaratasi cha vipimo. Namba za Marekani, Uingereza na Ulaya hazilingani sawasawa kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo mimi natazama ile ya CM, yaani urefu wa mguu kwa sentimita, ambao unaweza kuupima nyumbani kwa rula na ukuta. Mbele ya vidole acha nafasi ya upana wa dole gumba. Ukiona kucha zinagusa ukiwa umesimama tu, jua kwamba ukishuka mlima zitageuka nyeusi. Ni vizuri pia kwenda mchana, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa kutembea, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa kilomita ya saba. Kampuni kadhaa huandika kwenye kikaratasi hicho hicho tarehe ya kutengenezwa. Isome. Gundi na sponji huzeeka hata kiatu kikikaa ndani ya boksi, na kiatu cha miaka 10 ambacho "hakijavaliwa hata siku moja" kinaweza kuachia soli kabla hujafika nyumbani.

Kuhusu bei, mimi naona dola 12 mpaka 18 ni haki kwa pea yenye mpira mzima. Tangu Rwanda ipandishe ushuru wa nguo na viatu vya mitumba mwaka 2016, bei za upande wa Gisenyi ziko juu, na ukiwa Birere unashindana na wanunuzi wa pande zote mbili za mpaka. Usitegemee kumchosha muuzaji. Atakuacha uende.

Vipo na vipya vya dola 20 hadi 30, vyenye alama za kampuni kubwa na herufi moja iliyokosewa. Soli ni plastiki tupu, mvua ikinyesha vinateleza. Sina la kuongeza hapo.

Baada ya mvua za Aprili ncha ya kiatu changu cha kulia ilifungua mdomo. Nilikipeleka kwa fundi anayekaa chini ya mwavuli karibu na soko la Virunga, na kazi yake naisifu kuliko kiatu chenyewe. Alikwangua gundi ya zamani kwa kipande cha msasa mpaka pande zote mbili zikawa na mikwaruzo, akapaka mpya huku na huku, kisha akakiweka kando na kuanza kushona begi la mtoto wa shule. Nilipomuuliza mbona habandiki, akasema bila kuinua macho: "Subiri kwanza, papa. Gundi ikiwa mbichi haishiki." Alipoigusa kwa kidole na isinate, ndipo alipokibana, akakipiga nyundo, akazungusha uzi wa nailoni mbele yote. Faranga 3,000, chai yangu haikuwa imepoa. Ukiona fundi anapaka na kubandika papo hapo, mpokonye kiatu chako uondoke. Na kikilowa, kijaze magazeti ukikaushe kivulini. Wengi wetu huviweka karibu na mbabula, jiko la makaa, ili vikauke haraka kwa ajili ya kesho, na joto lile ndilo linalolegeza gundi.

Kwa nini nimeeleza yote haya kwa urefu? Kwa sababu Jumapili asubuhi, tunapotoka na tishati zetu za njano zenye tarehe ya mbio iliyopakwa kwa rangi ya mabango, tukiimba kupitia Majengo na kushuka mpaka rondpoint Tchukudu, penye sanamu ya msukuma tchukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, watu hawasomi tishati. Wanatazama miguu. Tukisimama chini ya sanamu kunywa maji, maswali ni yale yale: hivyo ni vya bei gani, umevitoa wapi, vya kwangu hivi vinafaa? Tangazo tulilolichapisha halijatuletea watu kama kiatu kilichogeuzwa chini juu mbele ya mtu anayeuliza. Tulianza kufanya hivyo kwa bahati; sasa kila mmoja wetu anajua kuonyesha soli yake.

Hapo ndipo hutokea pia mzee mmoja, hakosi, wa kutukumbusha Abebe Bikila. Mwethiopia yule alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu, mnatafuta nini nyie na mitumba yenu? Nampa heshima yake mzee, kisha nakumbusha kwamba mwaka 1964 mjini Tokyo Bikila alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, na akaweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Isitoshe Roma haina lava barabarani. Mzee hakubali, lakini vijana wanaosikiliza hucheka na wawili watatu huchukua fomu.

Haki isemwe pia: tuna mama mmoja kwenye kikundi anayekimbia na sandali za plastiki, na anatuacha wengi. Sitamwambia mtu kwamba bila viatu hivi hawezi kuja. Kwa kilomita 10, na hasa kwa anayeanza kwa kutembea na kukimbia kwa zamu, raba yoyote isiyobana inatosha kwa majuma ya mwanzo. Viatu hivi ni vya mtu aliyeamua kuendelea, mwenye uzito kidogo kama mimi, anayepita mawe zaidi kuliko lami. Kijana mwembamba anayefukuzia muda kwenye lami tupu atafanya vizuri zaidi na vile vyeupe laini nilivyovikataa, mradi avivue akifika kwenye barabara ya mtaa wake.

Kwa upande wa saizi, wenye mguu wa 37 hadi 39 wana bahati, maana mabalo mengi niliyoyaona yakifunguliwa yana viatu vya wanawake vilivyovaliwa kidogo sana, pengine mara mbili tatu kwenye ukumbi wa mazoezi. Akina mama wa kikundi wanapata soli nzima kwa dola 10. Kuanzia 44 kazi inakuwa ngumu. Mwenye mguu wa 45 aache namba yake ya simu kwa wauzaji wawili au watatu, aende siku balo linapofunguliwa, na abebe soksi zake mwenyewe, kwa sababu zile za sokoni za kujaribia zimeshajaribiwa na mji mzima.