Miezi minane ya kuandika Kijapani kwenye kompyuta ya Kiingereza: uzoefu wangu

Kompyuta yangu ina Windows ya Kiingereza na kibodi yenye herufi za Kilatini pekee, na kwa muda mrefu niliamini kwamba anayetaka kuandika Kijapani sharti atafute kibodi iliyotengenezwa Japani. Nilipoanza kuandikiana barua na mwalimu wangu wa Kijapani niligundua kwamba nilijitia hofu bure. Programu ya kuingizia Kijapani imo ndani ya Windows yenyewe, haina malipo, na menyu zote zinabaki katika Kiingereza. Baada ya miezi minane naweza kusema kwamba kuandika ni rahisi kuliko nilivyotarajia, lakini kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kinaonekana sawasawa ndiko kunakotaka uangalifu.

Kuiweka programu hakuna mengi. Unafungua mipangilio, unaingia sehemu ya lugha, unaongeza Kijapani, na alama ndogo inatokea pembeni mwa skrini, ikionyesha A unapoandika Kilatini na あ unapoandika Kijapani. Kosa langu lilikuwa kuchagua kwa haraka mpangilio wa kibodi ya Kijapani ilhali kibodi yangu ni ya Kimarekani. Kwa siku mbili nzima nilibonyeza Shift na 2 nikitaka @ ya barua pepe, nikapata alama ya nukuu, kwa kuwa @ ilikuwa imehamia kwenye kitufe cha mabano ya mraba. Ukirudisha mpangilio wa Kiingereza ndani ya mipangilio hiyohiyo ya Kijapani, adha hiyo inakwisha.

Kuandika kwenyewe ni kuandika matamshi. Unaingiza silabi kwa herufi za Kilatini, programu inazigeuza papo hapo kuwa hiragana, yaani herufi za Kijapani za silabi, kisha kitufe cha nafasi kinaleta kanji, herufi zenye asili ya Kichina, na Enter inathibitisha. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu irabu za Kijapani ni tano zilezile tunazozijua na silabi nyingi huishia kwa irabu, hata vidole vinaandika sakana au tamago bila kujiuliza tahajia. Nilipoandika hana na kubonyeza nafasi, nililetewa 花 na 鼻, yaani ua na pua, nikacheka peke yangu, maana hata kwetu maneno hayo mawili yanatenganishwa na herufi moja tu. Programu haiwezi kujua unakusudia lipi usipoipa maneno ya jirani, kwa hiyo nimejifunza kuandika kirai kizima kabla ya kubonyeza nafasi badala ya kugeuza neno mojamoja.

Herufi iliyonisumbua zaidi ni n. Ukiandika kinen unapata 記念, ambayo ni kumbukumbu. Ukitaka 禁煙, yaani marufuku ya kuvuta sigara, ni lazima uiambie programu kwamba n ya kwanza inajitegemea, kwa kuibonyeza mara mbili. Salamu ya konnichiwa nayo inadai n tatu mfululizo, na mwisho wake huandikwa ha ingawa hutamkwa wa. Jambo jingine la kukumbuka ni upana wa tarakimu: ukiingiza namba ukiwa bado kwenye あ, zinaweza kutoka pana kama kanji, na fomu nyingi huzikataa. F10, ikibonyezwa kabla ya Enter, inazirudisha kuwa nyembamba. Nikikereka na mambo haya hukumbuka kwamba mwaka 1978 Toshiba ilitangaza JW-10, mashine ya kwanza ya kuchakata maandishi ya Kijapani, yenye ukubwa wa meza, kwa yeni 6,300,000.

Sasa upande wa kuonyesha. Visanduku vitupu, ambavyo hupachikwa jina la tofu, ni tatizo jepesi, kwani maana yake ni kwamba fonti haipo, na ukiweka fonti kama Meiryo au Noto vinatoweka. Mojibake, yaani herufi zilizovurugika, ni kisa kingine. Nilipewa faili la zamani la msamiati ambalo lilifunguka likiwa na “ú–{Œê kila mahali, nikadhani limeharibika. Kumbe lilikuwa zima kabisa. Liliandikwa kwa Shift_JIS, mfumo unaohifadhi kanji moja kwa baiti 2, na kompyuta yangu ilisoma kila baiti kama herufi ya Ulaya Magharibi, ndiyo maana 日本語 ikawa fujo ile. Nilichotakiwa kufanya ni kulifungua upya kwa kutaja mfumo huo, kisha kulihifadhi kwa UTF-8, mfumo unaotumika sana siku hizi. Kwa programu za zamani zisizotumia Unicode, yaani orodha ya kimataifa inayozipa herufi za lugha mbalimbali namba, kuna mpangilio maalumu wa Windows unaoweza kuwekwa Kijapani, lakini unadai kuwasha kompyuta upya, na baada yake usishangae kuona ¥ mahali pa mkwaju wa nyuma katika anwani za folda, kwa maana katika mifumo ya Kijapani alama hizo mbili zilishirikiana namba moja.

Kosa baya zaidi ni lile ambalo halijionyeshi. Unicode imezipa kanji nyingi za Kichina na za Kijapani namba moja, hata pale ambapo maumbo yanatofautiana kidogo, na fonti ndiyo inayoamua msomaji aone lipi. Barua yangu, niliyoituma kama PDF, ilikuwa imechukua fonti ya Kichina bila mimi kujua. Kwangu 直 ilikuwa 直, lakini mwalimu aliizungushia wino mwekundu kila ilipotokea, kwa sababu katika umbo la Kijapani mstari wa kushoto hushuka na kukata pembe kuelekea kulia, na ile yangu haikuwa na pembe. Nilichagua maandishi yote, nikayatambulisha kuwa ni lugha ya Kijapani, nikayapa fonti ya Yu Gothic. Barua iliyofuata ilirudi na masahihisho ya sarufi tu, nayo hayakuwa machache.