Jezi namba 10 Toulouse: Ntamack au Ramos?

Stade Toulousain, klabu ya raga ya Toulouse, Ufaransa, ina watu wawili wa kuongoza mashambulizi wakivaa namba 10, na kumchagua mmoja hubadilisha safu nzima ya nyuma.

Romain Ntamack ndiye namba 10 wa asili. Hushika mpira karibu sana na mstari wa ulinzi, hivyo mkabaji hulazimika kumfuata yeye na kuacha mwanya pembeni. Akikuta mwanya mbele yake, hupita mwenyewe. Fainali ya Top 14 (ligi kuu ya Ufaransa) ya 2023 dhidi ya La Rochelle iliamuliwa na mbio zake ndefu dakika za mwisho: 29-26. Pia hukaba vizuri, jambo kubwa, maana wapinzani hupenda kumpelekea namba 10 mafowadi wazito baada ya skramu (mafowadi wa pande zote wakisukumana kugombea mpira).

Thomas Ramos husimama nyuma kidogo na kuuendesha mchezo kwa mguu: mpira mrefu wa kutafuta eneo, au wa juu ili mawinga waugombee. Tangu Machi 2025 ndiye mfungaji bora wa pointi katika historia ya timu ya taifa ya Ufaransa.

Ila penalti zisikudanganye. Ramos hupiga hata akicheza namba 15, yaani beki wa mwisho nyuma, kwa hiyo kumweka Ntamack hakupotezi pointi hizo. Kumsogeza Ramos mbele, kinyume chake, kunaacha pengo nyuma, na Blair Kinghorn ndiye wa kuliziba.

Ntamack akiwa mzima wa goti, aanze yeye.