Ramani za Sanborn mtandaoni: pa kuanzia kwa mtafiti wa majengo ya Marekani

Anayetafiti historia ya jengo la Marekani kwa kawaida hukimbilia picha za zamani na hati za umiliki. Mimi, baada ya kuzitumia kwa muda mrefu ramani za Sanborn ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imeziweka mtandaoni bila malipo, ninamshauri aanze na hizo, kwa sababu hati humwambia nani alimiliki kiwanja, ilhali ramani humwonyesha kilichosimama juu yake.

Hazikuchorwa kwa ajili ya wanahistoria. Kampuni iliyoanzishwa na D. A. Sanborn mwaka 1867 ilizitengeneza ili mtu wa bima ya moto aweze kupima hatari ya jengo lililo katika mji wa mbali bila kutoka ofisini. Miji ipatayo 12,000, mikubwa kwa midogo, ilichorwa, kwa kawaida kwa kipimo cha futi 50 kwa inchi moja, hivyo hata banda la farasi la uani lina mahali pake.

Utamu wake huonekana unapoikuza karatasi moja. Jengo la rangi ya waridi ni la matofali, la njano ni la mbao, la buluu ni la mawe. Tarakimu hutaja idadi ya ghorofa, herufi D ni makazi, S ni duka. Alama ya x huonyesha paa la vigae vya mbao, na kiduara huonyesha paa la bati au la mawe bapa. Ukiona nyumba ya waridi yenye kipande cha njano kilichoungwa nyuma yake, umeona sehemu ya mbao ambayo picha iliyopigwa kutoka barabarani isingekuonyesha kamwe. Na kiwanja kikiwa kitupu katika toleo la 1894, kisha jengo likaonekana katika toleo la 1899, umebakiwa na miaka mitano tu ya kupekua magazeti na vibali vya ujenzi.

Hata hivyo, tarehe ya karatasi si ya kuaminiwa kipofukipofu. Nakala nyingi zilirekebishwa kwa kubandika vipande vipya juu ya vya zamani, hivyo ramani inaweza kuonyesha hali ya miaka mingi baada ya kuchapishwa, na jengo la awali likawa limefunikwa. Kagua kingo za vipande hivyo, ambazo mara nyingine huonekana kama kivuli chembamba. Msanifu wa jengo huwa hatajwi, wala wakazi wa nyumba za kawaida, ingawa katika baadhi ya miji utakuta nyumba zilizoandikwa kuwa za Wachina au za watu weusi. Inauma kuyasoma maandishi hayo, lakini mtafiti asiyaruke, kwa maana yanaonyesha jinsi mji ulivyowatenga watu wake.

Kwa sura na mambo ya ndani ya jengo, maktaba hiyohiyo ina mkusanyo wa HABS (Historic American Buildings Survey, yaani uchunguzi wa majengo ya kihistoria ya Marekani), mradi ulioanzishwa mwaka 1933 kuwapa kazi wasanifu waliokosa ajira wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Michoro yake ya vipimo ni ya hali ya juu, na humo zimo picha za stesheni ya Pennsylvania ya New York zilizopigwa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya kuanza kubomolewa. Ila mkusanyo huo uliteua majengo yaliyoonekana kuwa na umuhimu. Nyumba ya fundi viatu utaitafuta humo bila mafanikio, ilhali katika Sanborn imo, na paa lake limeandikwa.

Unapopakua, chukua faili kubwa ya TIFF badala ya picha ndogo, kwa sababu katika picha ndogo x na kiduara huweza kufanana, na hapo utaliezeka jengo lako paa ambalo halikuwa lake.