Kampavani ya kukodi kando ya mto Spey: wiki ya samoni na trauti wa baharini, mtu mmoja

Gari ni Volkswagen Transporter T6 iliyogeuzwa kampavani: paa la kuinuka, kiti cha nyuma kinachokunjuka kuwa kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ndogo ya kompresa, hita ya dizeli, na betri ya ndani ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme uliohifadhiwa). Nililikodi siku saba mwezi Juni kwa kuvua kwa nzi bandia mtoni Spey, Uskoti, kituo kikiwa Grantown-on-Spey. Kampuni siitaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza utazikuta kwa yeyote anayekodisha gari la aina hii.

Nianze na hukumu. Kwa trauti wa baharini gari hili linapata nyota nne. Kwa samoni peke yake, mbili na nusu. Ningechukua chumba cha kawaida chenye mahali pa kukaushia nguo. Tofauti iko kwenye saa za kazi. Samoni huvuliwa mchana na mvuvi akarudi kulala kama watu wengine. Trauti wa baharini huvuliwa gizani, na katikati ya Juni pale Grantown jua linazama baada ya saa 4 usiku, giza la maana halifiki kabla ya saa 5 na nusu, na saa 9 usiku mashariki kumeshaanza kung'aa. Una saa tatu na ushei. Unatoka mtoni umelowa, saa ambayo hakuna mwenye nyumba ya wageni atakayefurahi kukusikia mlangoni, kisha unataka kulala mpaka saa 5 asubuhi. Ratiba hiyo ndiyo inayoipa kampavani thamani yake.

Umeme ndiyo kasoro kubwa, na hautokani na ubovu wa gari bali na namna mvuvi wa usiku anavyolitumia. Betri ya AGM (aina ya betri ya risasi iliyofungwa) ya Ah 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mkononi una Ah 50. Friji inakula kama Ah 30 kwa siku. Hita ya kilowati 2 inavuta ampea 10 hivi kwa dakika chache za kujiwasha, halafu inatulia kwenye moja au mbili. Saa nane za kukausha vitu ni Ah 12 hivi. Weka taa, simu na tochi ya kichwani, umefika 47. Siku moja imekwisha. Mvuvi wa samoni halijui tatizo hili kwa kuwa anaendesha gari kila siku kutoka kipande kimoja cha mto hadi kingine. Wa trauti anaganda mahali pamoja siku tatu, na mwendo wa dakika kumi mpaka mtoni haurudishi kitu: hata chaja ya ampea 30 inahitaji injini izunguke saa moja na nusu kurudisha Ah 45. Alfajiri ya siku ya pili hita inajaribu kuwaka, volti zinaporomoka kwenye ule mvuto wa kwanza, inajizima na kuonyesha hitilafu. Watu hupiga simu wakidai hita imekufa. Haijafa, ina njaa.

Dawa ni kulipia nafasi yenye umeme wa kambi. Soketi ya ampea 10 inakupa wati 2,300 kwa jumla, yaani birika la umeme la wati 2,000 na hita ya feni haviwezi kuwaka pamoja bila kuangusha swichi ya kambi, na saa 10 alfajiri hakuna mtu ofisini wa kuirudisha. Paneli ya jua juu ya paa husaidia friji ukiegesha mahali peupe. Wavuvi huegesha chini ya misonobari.

Gesi ilikuwa mtungi wa Campingaz 907, kilo 2.75 za butani. Kwa Juni inatosha. Ukipanga kwenda msimu unapofunguliwa, tarehe 11 Februari, kumbuka kwamba butani inakataa kugeuka gesi joto likikaribia nyuzi 0, na jiko litawaka kama mshumaa. Omba gari la propani. Na msimu wowote, usikaushie nguo kwenye moto wa jiko milango ikiwa imefungwa. Kagua kengele ya monoksidi ya kaboni kabla ya kutia saini. Bonyeza kitufe chake, usiamini taa tu.

Unyevu sasa. Suruali ya kuingilia majini, buti zake, koti na soksi vinaingia garini vikiwa na maji ya kutosha kufanya vioo vilie usiku kucha. Utaratibu uliofanya kazi: mlango wa nyuma juu, vua vyote ukiwa umesimama nje, buti ndani ya beseni la plastiki la lita 60, suruali ining'inie kwenye mlango huo mpaka iache kuchuruzika, ndipo iingie na kutundikwa mbele ya tundu la hita, ndani ikiwa imegeuzwa nje kwa sababu jasho hulowesha kuliko mto. Acha dirisha moja wazi kidogo, lenye wavu. Wavu si mapambo: usubi wa nyanda za juu za Uskoti, kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba, hupita hata pale mbu anaposhindwa, na hutoka zaidi alfajiri na magharibi upepo ukitulia. Gari nililopewa lilikuwa na wavu upande mmoja tu. Uliza.

Kulala mchana kuna hila yake. Kitanda cha juu kwenye paa la turubai ni kizuri usiku, lakini turubai linapitisha mwanga, na jua linachomoza karibu saa 10 na robo alfajiri. Lala chini, paa limefungwa, mapazia ya foili kwenye vioo vyote vya mbele. Omba nafasi karibu na lango la kambi, na uulize kama lango hufungwa usiku. Mlango wa kuburuza wa Transporter unasikika kambi nzima. Wa mbele hufungwa kwa kusukuma tu.

Fito za kuvulia zilikaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Ufito wa mikono miwili wa futi 15, vipande vinne, unaingia kwenye bomba la sentimita 120 hivi, na bomba linalala chini ya kitanda. Kati ya kilindi kimoja na kingine usiuvunje wote: ukate katikati, mshipi ukiwa bado umepita kwenye pete, nusu mbili zifungwe kwa velkro, zilale kutoka kati ya viti vya mbele kwenda nyuma. Ncha ielekee mbele. Fito nyingi hazivunjwi na samaki, zinavunjwa na mlango wa nyuma.

Kisheria Uskoti haina leseni ya ufito kama ile ya Uingereza yenyewe, isipokuwa kwenye mto Border Esk, lakini lazima uwe na kibali cha mwenye mto. Nilitumia tiketi ya wiki ya chama cha Strathspey Angling Improvement Association, inayokupa vilindi vya Spey na kijito chake Dulnain. Soma masharti yake mwenyewe, hasa ya kuachia samaki. Kwa sheria, samoni yeyote anayenaswa kabla ya tarehe 1 Aprili anarudishwa majini, na mito hupangwa madaraja kila mwaka kuamua nani arudishwe baada ya hapo. Kuuza samoni wa ufito ni marufuku.

Jumapili hairuhusiwi kuvua samoni wala trauti wa baharini. Hili linauma zaidi kwa mvuvi wa usiku: Jumamosi giza linaingia saa 5 na nusu, na saa 6 kamili ni Jumapili. Umelipia usiku, umepata nusu saa. Kodi gari Jumapili hadi Jumapili, siku hiyo uifanye ya safari.

Tiketi ya kuvua haikupi ruhusa ya kulala kwenye maegesho ya wavuvi. Haki ya kutembea na kupiga hema Uskoti, ya sheria ya mwaka 2003, haihusu vyombo vya moto. Ukitaka kulala kando ya mto, muulize mwenye ardhi. Na kwa kuwa bonde hili limejaa viwanda vya wiski: kiwango cha pombe kwa dereva Uskoti ni miligramu 50 kwa mililita 100 za damu, si 80 kama Uingereza, na kukaa na funguo ndani ya gari umelewa kunaweza kukuingiza kwenye kesi hata kama hujaliwasha.

Upande wa uvuvi wenyewe. Mchana, kwa samoni wa Juni maji yakiwa ya kawaida: mshipi unaoelea namba 10 (namba ya uzito wa mshipi), ncha ya mita 3 inayozama polepole, nailoni yenye nguvu ya ratili 15, nzi aina ya Cascade au Ally's Shrimp wa ndoana namba 8 hadi 10. Tupa nyuzi 45 kuelekea mkondo unakokwenda, acha nzi avuke, piga hatua ya mita moja, tupa tena. Nyuma yako kuna miti na kingo za juu, ndiyo maana mitupo inayobeba jina la mto huu ilizaliwa hapa: mshipi haupiti nyuma yako kabisa. Kanuni ya usalama ni ya upepo. Ukivuma kutoka juu ya mto, yaani unakotoka mkondo, tumia mitupo ambayo mshipi unajikunja upande wako unakokwenda mkondo, kama Double Spey au Snake Roll. Ukivuma kutoka chini, tumia Single Spey au Circle C. Ukikosea, ndoana inakuja sikioni.

Samoni hali chakula akiwa mtoni, anauma kwa sababu zake. Akigusa, usivute. Aliyezoea trauti wa vijito vya Mlima Kenya au Aberdare atavuta papo hapo, na atampoteza. Mwache ageuke, mshipi ukaze wenyewe, ndipo unyanyue ufito. (Trauti wa kahawia wa kule Kenya, kwa taarifa, ni spishi moja na huyu wa baharini, huyu amechagua kwenda chumvini. Na sehemu kubwa ya nzi wanaouzwa kwenye maduka ya Uingereza hufungwa Kenya, kwa hiyo usishangae ukinunua kilichotoka nyumbani.)

Usiku weka ufito wa futi 10 namba 7, nailoni ya ratili 10, nzi mmoja wa Silver Stoat namba 10. Wengi hufunga wawili. Gizani, peke yako, wawili ni fundo. Chagua kilindi chako mchana: ingia majini ukione kilivyo, hesabu hatua, weka alama ya jiwe jeupe ukingoni mahali pa kutokea. Usianze mapema. Ngoja mpaka rangi za miti ya ng'ambo zipotee, vinginevyo unawafukuza samaki kwenye mkia wa kilindi, mwisho wake wa chini, ambako wangekaa usiku mzima. Mita 8 au 10 za mshipi zinatosha. Tochi isimulike maji hata mara moja. Nzi abadilishwe ukiwa umegeukia kichakani. Baada ya saa 7 usiku samaki hutulia chini, weka ncha ya kuzama. Ukungu ukilala juu ya maji, nenda kalale.

Angalia vina vya mto kwenye tovuti ya SEPA, wakala wa mazingira wa Uskoti, kila asubuhi: maji yanayoshuka baada ya mvua ndiyo mazuri. Pima joto pia. Yakifika nyuzi 20, acha kabisa. Samaki utakayemwachia atakufa nyuma ya mgongo wako.

Kwa aliye peke yake, Spey ni mto wenye kasi na mawe yaliyoviringika. Fimbo ya kutembelea majini, na koti okozi linalojijaza lenyewe. Kila siku hakikisha mtungi wake mdogo haujalegea. Jisajili kwa ujumbe wa dharura kwa kutuma neno register kwenda 999 kabla ya kuondoka, maana ujumbe hupita pale simu inaposhindwa. Jina la kilindi na saa ya kurudi mwachie mtu kwa simu, si karatasi kwenye kioo cha mbele. Hiyo inamwambia mwizi ana muda gani. Ufunguo wa gari ni wa kielektroniki, ukilowa umelala nje. Mfuko usiopitisha maji, ndani ya suruali, kifuani.

Leseni ya Tanzania au Kenya inamruhusu mgeni kuendesha gari la hadi tani 3.5 kwa miezi 12, na upande wa barabara ni uleule wa kushoto. Bima ya kampuni yaweza kuwa na masharti yake ya umri na miaka ya leseni, hayo yaulize kwa maandishi.

Wakati wa kurudisha, amana yangu ilikatwa kwa vitobo vya misumari ya buti kwenye sakafu ya vinili. Ni haki yao. Nilipanda na buti hizo mguuni mara moja tu, mvua ikinyesha, na mara moja ilitosha. Kilichonikera ni kudaiwa usafi kwa harufu ya mto, ilhali tangazo lao lina picha ya fito. Vifaa vyangu niliviloweka kwenye maji ya chumvi ya asilimia 3 kwa dakika 10 kabla ya kuvipakia, kwa sababu ya Gyrodactylus salaris, kimelea kilichoangamiza samoni katika mito ya Norwei na ambacho Uingereza bado haina. Gramu 300 za chumvi ya mezani kwa lita 10 za maji, kwenye beseni lilelile la buti.