Fila chini ya macho: kliniki ya Kampala iliyokataa kunitajia nilichodungwa

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na sindano yenyewe, au labda ninao, lakini si huo ulionifanya niandike. Ugomvi wangu ni wa kikaratasi chenye gundi, kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, ambacho hutoka ndani ya boksi la fila, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi kujaza mabonde ya uso, kikiwa kimechapwa jina la bidhaa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi, na ambacho kazi yake ni kubandikwa kwenye faili la mgonjwa ili kesho na keshokutwa ijulikane amewekewa nini mwilini. Kliniki moja ya urembo hapa Kampala, iliyoko juu kilimani wanakokaa wenye nazo, ilinidunga fila chini ya macho yote mawili na kupokea malipo yangu kwa simu kabla sijavaa viatu, ila nilipoomba kuonyeshwa kikaratasi hicho nikajibiwa kwamba hayo ni mambo ya ndani ya kliniki.

Mabonde chini ya macho ni ya ukoo wetu; mama yangu anayo, nami nimezoea kuulizwa kama nimelala. Mwaka jana kaka yangu alikuwa anapokea wakwe nyumbani Arua, na kila mtu nchini humu anajua kwamba katika shughuli ya namna hiyo shangazi wa binti hajifichi nyuma ya umati, bali hutoka mbele na gomesi yake, gauni letu la shughuli, huulizwa, hujibu, na hupigwa picha kuliko bibi harusi. Ndiyo sababu nikaenda. Daktari aliyenidunga alikuwa mpole na mkono wake mwepesi, na sitaki hasira inipokonye haki ya kusema kwamba wiki za kwanza nilifurahi mno. Kivuli kilitoweka. Binti mmoja wa ofisini aliniuliza, “Aunti, likizo ulikwenda wapi?” Laiti ningeandika wakati ule, ningewapa kliniki nyota zote na kuwaelekeza ndugu zangu wote wa kike mlangoni pao.

Kisha nikapata mafua ya kawaida, yale ya msimu wa mvua, na nilipopona mafua uso haukupona. Kila asubuhi nilikuta sehemu ya chini ya macho imefura kama maandazi yaliyoumuka usiku kucha, upande wa kushoto zaidi ya kulia, na ilipofika mchana uvimbe ukapungua kiasi cha kunifanya nijitilie shaka. Dirishani, mwanga ukiingia kwa pembeni, niliona pia mstari wa rangi ya bluu iliyofifia ukifuata mfupa, ambao poda haikuufunika. Nilisafiri kwenda Arua kwa basi la usiku, nikiwa nimekaa kichwa kikining'inia saa zote hizo, na picha za shughuli ile zipo hadi leo: wakwe wananitazama mimi, mimi natazama chini. Mpiga picha, kijana mwenye adabu zake, alinisogelea na kuninong'oneza kama ningependa kuvaa miwani.

Baadaye nilielezwa kinachotokea, na maelezo yenyewe si magumu hata kidogo, jambo linalonizidishia hasira, kwa kuwa yangeweza kutolewa kabla ya sindano. Fila nyingi zinazowekwa sehemu hiyo hutengenezwa kwa asidi ya hialuroni, na asidi hiyo huvuta maji. Ngozi ya chini ya jicho ni nyembamba kuliko karibu ngozi yote nyingine ya mwili, kwa hiyo maji kidogo tu huonekana, hasa baada ya kulala au kula chumvi nyingi. Jeli ikikaa juujuu, mwanga hutawanyika ndani yake na kuipa ngozi ule ubluu. Uvimbe unaweza kuchelewa wiki nyingi au hata miezi, na wakati mwingine huamshwa na maambukizi kama mafua. Hatari kubwa kuliko zote, ambayo ni adimu lakini haistahili kunyamaziwa, ni jeli kuingia kwenye mshipa wa damu na kuziba njia ya damu inayokwenda kwenye jicho, na mtu akapofuka. Fomu niliyotia saini ilitaja michubuko na uvimbe wa siku chache. Upofu haukutajwa.

Hayo yote bado ningeyameza. Nilirudi kliniki nikiwa mtulivu, nikasalimu vizuri, nikamwonyesha binti wa mapokezi picha za asubuhi kwenye simu yangu. Alizitazama kwa muda wa kupenga kamasi, akasema, “Madamu, hiyo ni chumvi. Lalia mito miwili.” Nikamwomba kumwona daktari; daktari amesafiri. Nikamwomba basi aniandikie jina la fila na namba yake, nipate kumpelekea daktari mwingine. Hapo aliishika skrini ya kompyuta yake kwa mikono miwili, akaigeuza isinielekee, kana kwamba nimekuja kuiba, kisha akasema lile neno la mambo ya ndani. Nilipomkumbusha kwamba kilicho ndani ni cha usoni mwangu, akacheka kidogo na kumwambia mwenzake, bila kushusha sauti, kwamba umri nao una mambo yake. Kiti cha kungojea kilikuwa kimejaa wateja. Wote walisikia.

Naomba msomaji aelewe kwamba jina lile si udadisi. Fila ya asidi ya hialuroni inaweza kuyeyushwa kwa kudungwa kimeng'enya kiitwacho hialuronidesi, lakini kimeng'enya hicho hakifanyi kazi kwa fila za aina nyingine, kama zile za kalsiamu. Daktari wa pili, niliyempata kwenye hospitali ya kawaida isiyo na mashine ya kahawa wala muziki laini, aliniuliza swali la kwanza kabisa: “Mama, walikuwekea nini?” Nikabaki kimya mbele yake, mtu mzima mwenye kazi na watoto. Ilibidi ategemee dalili na kubahatisha kwa uangalifu. Swali lake la pili ni kama nimewahi kuumwa na nyuki na mwili ukafanyaje, kwa sababu sumu ya nyuki nayo ina kimeng'enya cha jamii hiyo, na aliyewahi kuzidiwa na nyuki anaweza kuzidiwa na dawa. Kwetu Arua asali ni biashara. Nyuki wameniuma utotoni na sikufa. Hata hivyo alinijaribu kwanza kwa tone dogo kwenye ngozi ya mkono, akasubiri, ndipo akadunga. Iliwasha vibaya sana, uso ukafura upya, na baada ya siku mbili hivi ukashuka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi. Kwa hiyo huenda ilikuwa asidi ya hialuroni kweli, bidhaa halali kabisa, na kilichonitesa ni binti mmoja na skrini yake.

Au pengine haikuwa halali na ndiyo maana ikafichwa. Shemeji yangu anasema nipeleke malalamiko Baraza la Madaktari, ambalo ndilo linaloandikisha madaktari nchini, na kwamba kabla ya yote niangalie kama jina la aliyenidunga limo kwenye orodha yao. Nimelitazama na limo, na ajabu ni kwamba nilikasirika zaidi kulikuta, maana mtu aliyesomea kazi hii anajua vyema kikaratasi kile ni cha nini.

Nilikusudia kutoa nyota tatu: mbili za mkono mwepesi, moja ya zile wiki za furaha. Nikifika hapa naona mkono mwepesi haunisaidii kitu iwapo mwenye mkono huo anasafiri kila ninapovimba, basi ibaki nyota moja, na mapokezi wasijihesabie ndani yake. Mabonde yangu yamerudi yalivyokuwa. Wiki iliyopita, na sioni aibu kulisema, nilimuuliza daktari wa pili kama yeye anaweza kunidunga upya, boksi likifunguliwa mbele yangu. Akanijibu kwamba kwa ngozi inayoshika maji kama yangu hanishauri, akaniandikia krimu ya jua, na hakunitoza chochote kwa ushauri huo.