Kushukia Innsbruck: uzoefu wangu, mtu wa Bukavu

Kama una ndugu Tirol, kule Austria, na bei za tiketi hazipishani sana, usikubali akuambie ushukie Munich halafu upande treni. Shukia Innsbruck kwenyewe, mji mkuu wa Tirol. Mimi nilikuwa naenda kumuona yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko. Nilitoka Bukavu kwa barabara hadi Kigali, maana vita vilifika Kavumu, kwenye kiwanja cha ndege cha Bukavu, Februari 2025 na ndege za abiria zikakatika. Nikapitia Addis Abeba na Vienna. Kipande cha mwisho, kama saa moja hivi hewani, ndicho kilichonipendeza kuliko safari yote.

Kiwanja ni kidogo. Njia ya kurukia ina mita 2,000, karibu sawa na ile ya Kavumu, ila Kavumu iko kama mita 1,720 juu ya usawa wa bahari na Innsbruck 581 tu. Kwetu hewa ni nyepesi, ndege inakimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Kwa hiyo taabu ya Innsbruck si urefu wa njia, ni bonde. Ndege inashuka ikifuata mto Inn, milima imeibana huku na huku, na rubani hatui pale bila mafunzo maalum ya kiwanja hicho. Chukua ndege ya mchana na uombe dirisha la kulia: mkiingia kutokea mashariki, safu ya Nordkette inapita karibu kiasi kwamba unaona miti imebeba theluji. Walioketi kushoto nao wanapata Bergisel, kilima wanakorukia watu wa ski. Mji huu uliandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1964 na tena 1976.

Halafu kuna upepo. Wenyeji wanauita Föhn. Unatoka kusini, unavuka Alpi, unateremka bondeni ukiwa mkavu na wa joto, na ndege inarushwa kweli kweli. Siku yetu rubani alitangaza mapema kwamba upepo ukikataa tutapelekwa Munich. Mama mmoja nyuma yangu akaanza rozari kwa Kijerumani, nami nikamwitikia kimoyomoyo kwa Kiswahili. Tulitua salama. Lakini usipange harusi wala mtihani jioni ya siku unayofika, hasa majira ya kuchipua na ya vuli ambapo upepo huo huvuma mara nyingi.

Ndani ya jengo hakuna kutembea. Valizi yangu ilitokea nikiwa bado nafunga koti, imelala katikati ya mifuko mirefu ya ski. Nje unapanda basi F, dakika kama 20 uko stesheni kuu. Ukifikiria Kavumu hadi Nyawera, mjini Bukavu, kilomita kama 30 kupitia Miti na Mudaka, na matope ya msimu wa mvua, utaelewa kwa nini nilicheka peke yangu ndani ya basi. Wakati wa kurudi pia hakuna dirisha la Go-Pass, ule ushuru wa kiwanja cha ndege wa Kongo: kwetu ulikuwa na tiketi mkononi na bado ukatoa dola 10 kwa safari ya ndani, 50 kwa ya nje. Kule ushuru umo ndani ya tiketi, basi.

Yaya alinikataza kabisa kusafiri Jumamosi. Vyumba vya likizo hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo wanaokwenda kwenye vituo vya ski vya St. Anton, Ischgl na Seefeld wanaingia siku ile ile wenzao wanatoka, na jengo dogo namna ile linafurika. Katikati ya juma ni shwari.

Ukiruka kuondoka wakati wa barafu, kutakuja gari lenye mkono mrefu linyunyizie mabawa maji ya rangi. Usishtuke ukiona dirisha limechafuka: ni dawa ya kuyeyusha barafu, na ndege haiondoki mpaka wamalize.